Nafasi ya utafiti baada ya uzamivu katika uhandisi wa maji na uigaji wa kompyuta: barua 46, majibu 3

MsimbaziJuu aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja cha umma hapa Tanzania. Nimeshatetea tasnifu yangu ya uzamivu na kufaulu, nimebakiwa na masahihisho madogo, na mahafali yatakuwa Novemba. Kwa miaka minne na nusu nimekuwa nikiiga kwa kompyuta namna mafuriko ya Mto Msimbazi yanavyobeba mashapo kutoka vilima vya Pugu hadi Jangwani, na namna mashapo hayo yanavyoinua kitanda cha mto chini ya madaraja, hata mvua ya masika ambayo zamani ingepita salama siku hizi inafunga barabara. Kazi yote nimeifanya kwa programu huria za OpenFOAM na TELEMAC, na ndani ya OpenFOAM nimeandika moduli inayobeba makundi matatu ya chembe za mashapo, juu ya kompyuta moja ya mezani yenye viini 16. Hesabu moja kubwa ilichukua siku tisa, na kwa kuwa umeme haukuwa wa kutegemea, niliipanga programu iandike matokeo kwenye diski kila baada ya dakika 20, ili ukikatika nianzie nilipoishia badala ya kurudi mwanzo.

Sasa natafuta nafasi ya utafiti ya mwaka mmoja hadi miwili mahali penye kompyuta kuu na watu wa kujifunza kwao. Tangu Januari nimewaandikia maprofesa 46 katika nchi saba. Waliojibu ni watatu. Wawili walisema hawana fedha kwa sasa, na wa tatu alinikaribisha kwa miezi 12 kwa sharti kwamba nauli, makazi na bima nijigharimie mwenyewe, jambo ambalo mshahara wangu hauwezi hata kwa miezi miwili. Nina makala mbili zilizochapishwa na ya tatu iko kwa wahakiki.

Ninaomba kujua kwa waliotangulia: nafasi hizi hutangazwa wapi hasa kwa watu wa fani yetu, barua ya kwanza iandikweje, na je, kosa langu ni sifa pungufu au ni namna ninavyoomba? Barua yangu huanza kwa kujitambulisha jina, chuo na nchi, halafu husema kwamba mimi ni mchapakazi, ninajifunza haraka, na ninaomba nafasi yoyote iliyopo katika maabara ya mhusika.

Fundi_wa_Milinganyo (Stuttgart) alijibu:

Ndugu MsimbaziJuu, hongera kwa kutetea. Kwa maelezo uliyotoa sioni upungufu wa sifa. Tatizo liko kwenye sentensi yako ya mwisho, pale unapoomba nafasi yoyote iliyopo, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu nami niliandika barua za namna hiyo kwa miezi minane kabla mtu hajanifungua macho.

Kabla ya kuuliza nafasi iko wapi, uliza fedha ziko mkononi mwa nani, kwa maana utafiti wa baada ya uzamivu huku una milango miwili na kila mlango una ufunguo wake. Mlango wa kwanza ni fedha za mradi. Profesa ameshinda fedha, kwa mfano kutoka shirika la utafiti la Ujerumani, DFG, au kutoka Umoja wa Ulaya. Ameahidi kwa maandishi kwamba kazi fulani itakamilika kwa tarehe fulani, na sasa anatafuta mtu wa kuifanya. Huyu hakutafuti wewe na ndoto zako za utafiti. Anatafuta mtu atakayeanza kuzalisha matokeo mapema iwezekanavyo. Tangazo lake likisema anahitaji mtu anayejua uchakataji sambamba, yaani kugawa hesabu moja kwa prosesa nyingi, na usafirishaji wa mashapo, barua yako yapasa ijibu mambo hayo mawili katika aya ya kwanza, kwa ushahidi.

Mlango wa pili ni ufadhili unaoombwa na mtafiti mwenyewe. Hapo profesa hahitaji kuwa na fedha hata kidogo; anachotoa ni ukaribisho na sahihi yake, na taasisi ya ufadhili ndiyo inayoamua. Wale wawili waliokujibu kwamba hawana fedha, huenda wangekukubalia kama ungewaandikia kwamba unakusudia kuomba ufadhili fulani, kwamba siku ya mwisho ni tarehe fulani, na kwamba unamwomba awe mwenyeji wako kwa wazo hili hapa lenye kurasa mbili. Barua ya kuomba nafasi yoyote haiingii mlango wowote kati ya hiyo miwili.

Kwa mlango wa pili, ufadhili unaojulikana zaidi Ulaya ni ule wa Umoja wa Ulaya uitwao Marie Skłodowska-Curie. Uko wazi kwa watu wa uraia wowote wanaokuja kufanya utafiti katika nchi ya Ulaya, hulipa kati ya miezi 12 na 24, na siku ya mwisho kwa kawaida imekuwa Septemba. Katika miito ya miaka ya karibuni mwombaji ametakiwa asiwe amezidisha miaka 8 ya utafiti tangu apate uzamivu, na asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia siku ya mwisho. Wewe uliyeko Dar es Salaam sharti hilo la pili halikugusi. Aliyetetea na kufaulu huhesabiwa kuwa na uzamivu hata kama hajavaa joho, kwa hiyo usiisubiri Novemba. Mwombe msajili wa chuo chako barua inayothibitisha kwamba umetetea na kufaulu. Andiko lina sehemu kuu isiyozidi kurasa 10, na alama hugawanywa asilimia 50 kwa ubora wa sayansi, 30 kwa manufaa yake, na 20 kwa mpango wa utekelezaji. Wengi huzimaliza nguvu zao kwenye sayansi na kuziandika zile asilimia 50 zilizobaki usiku wa mwisho, kisha hushangaa kuachwa kwa alama mbili tatu.

Ushindani ni mkali na ni vizuri uujue. Mwaka 2024 yaliwasilishwa maombi 10,360 na waliopata walikuwa 1,696. Mwaka 2025 maombi yalipita 17,000. Ndiyo maana sikushauri uweke mayai yote humo. Wakfu wa Alexander von Humboldt hapa Ujerumani hupokea maombi wakati wowote wa mwaka kutoka kwa waliomaliza uzamivu ndani ya miaka 4, na hulipa kati ya miezi 6 na 24. Japani wana JSPS, shirika lao la kukuza sayansi, ambalo kwa kawaida huwapokea waliopata uzamivu ndani ya miaka 6, na huko mwenyeji ndiye anayewasilisha maombi, kwa hiyo huwezi hata kuanza bila yeye.

Kuhusu matangazo ya mlango wa kwanza, tovuti ya EURAXESS hukusanya nafasi za Ulaya nzima, na kila inapokaribia majira ya Marie Curie, idara nyingi huweka humo matangazo ya kutafuta waombaji wa kuwakaribisha. Uholanzi wana AcademicTransfer, Norwei wana Jobbnorge, Uingereza wana jobs.ac.uk. Nchi za Skandinavia nazipenda kwa jambo moja: nafasi hutangazwa hadharani pamoja na vigezo, na mara nyingi mshahara, na anayeomba kutoka Mbeya hupimwa kwa vigezo vilevile vya aliyeko jengo la jirani. Ila kwa fani yetu, matangazo bora mara nyingi hupita njia za wenyewe: barua ya habari ya NA Digest inayowaunganisha watu wa hesabu za kinamba tangu miaka ya 1980, ukurasa wa ajira wa CFD Online, tovuti ya watu wanaoiga mwendo wa maji na hewa kwa kompyuta, na orodha za barua pepe za watumiaji wa programu unazotumia. Wewe unatumia TELEMAC, programu iliyozaliwa katika maabara ya haidroliki ya shirika la umeme la Ufaransa, EDF. Watumiaji wake hukutana kila mwaka, na katika mkutano kama huo unaweza kukaa meza moja na watu wa taasisi ya shirikisho ya uhandisi wa njia za maji iliyoko Karlsruhe. Hao ndio wasomaji wako.

Sasa barua. Usiandike kwamba wewe ni mchapakazi, kwa sababu kila mmoja huandika hivyo na hakuna anayeweza kuthibitisha. Andika jambo ambalo ni wewe tu unayeweza kuliandika. Kwa Kiswahili, aya ya kwanza ningeiweka hivi:

«Katika makala yenu kuhusu mmomonyoko kuzunguka nguzo za madaraja mmedhani kwamba mashapo yana ukubwa mmoja wa chembe. Katika Mto Msimbazi, Dar es Salaam, nimepima mchanga na udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na takataka za plastiki, na dhana hiyo ilinipa kina cha mmomonyoko kilichozidi kile nilichokipima mtoni baada ya masika. Nimeandika moduli ya OpenFOAM inayobeba makundi matatu ya chembe, na ningependa kuijaribu kwa vipimo vyenu vya maabara. Ninakusudia kuomba ufadhili wa Marie Curie mwezi Septemba na ninaomba kujua kama mngekuwa tayari kuwa wenyeji wangu.»

Hapo profesa anajua katika nusu dakika kwamba umeisoma kazi yake, una data ambayo yeye hana, una kitu kilichokamilika, na unamwomba jambo dogo lenye tarehe. Barua nzima isizidi maneno 250. Ambatanisha wasifu wa kurasa mbili na makala moja, si vyeti vyote tangu kidato cha nne. Ukikaa siku 12 bila jibu, andika tena mara moja, kwa upole. Usiandike 46. Andika 8, na kila mmoja umsome kwa siku mbili.

Na huyo aliyekutaka ujigharimie, mjibu kwa heshima kwamba unashukuru na kwamba utamwandikia tena ukipata ufadhili. Usiende kwa fedha ya kukopa.

Bi_Mkokotoaji (Nairobi) alijibu:

Nakubaliana na kaka Fundi karibu katika yote, ila kuna jambo moja naliona tofauti. Ameiweka barua mbele kana kwamba ndiyo inayokutambulisha. Katika sayansi za ukokotoaji msimbo wako, yaani programu uliyoiandika, unaweza kukutangulia, na huo ukishakutangulia barua inakuwa fupi sana.

Nilipokuwa nikimalizia uzamivu hapa Kenya nilitumia PETSc, maktaba ya msimbo wa kutatulia milinganyo mikubwa, ambayo hutunzwa na watu wa maabara ya taifa ya Argonne, karibu na Chicago. Nilikuta hesabu yangu inakwama kila nilipoigawa juu ya prosesa zaidi ya nane. Nikaipunguza hadi ikawa programu ya mistari 60 inayoonyesha kosa lilelile, nikaituma kwenye orodha yao ya watumiaji pamoja na maelezo ya nilichotarajia na nilichokiona. Kosa lilikuwa langu, si lao. Hata hivyo mmoja wa waliojibu aliniuliza ninafanya nini, tukaendelea kuandikiana, na mwaka uliofuata nilipoomba nafasi katika maabara moja ya taifa ya Marekani, alikubali kuwa mmoja wa wadhamini wangu watatu. Barua yake haikusema mimi ni mchapakazi. Ilieleza namna nilivyolichambua lile kosa. Ninaamini ndiyo iliyonivusha.

Kwa hiyo, ndugu MsimbaziJuu, ile moduli yako ya makundi matatu ya chembe iko wapi? Kama iko kwenye kompyuta yako ya mezani tu, kwa macho ya msomaji wa Stuttgart au wa Trondheim kule Norwei haipo. Iweke GitHub, tovuti ya kuweka msimbo hadharani, ikiwa na leseni, mfano mdogo unaoendeshwa kwa dakika kumi, na maelezo ya namna ya kuuendesha. Mtu akiweza kuliendesha jaribio lako mwenyewe, ameshakufanyia nusu ya usaili.

Kuhusu Marekani, mbali na nafasi za miradi vyuoni, maabara za taifa zina ufadhili wenye majina ya waasisi wa fani yetu, kama ule wa Wilkinson kule Argonne na wa Householder kule Oak Ridge, mahali ilipo kompyuta kuu ya Frontier, ambayo mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza kuthibitishwa rasmi kuvuka hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde. Idara za hesabu tumizi hupokea maombi kupitia tovuti ya MathJobs, na siku za mwisho hurundikana Novemba na Desemba kwa kazi inayoanza Agosti au Septemba mwaka unaofuata. Watu wetu wengi huanza kutafuta Machi na kukuta msimu umeshapita. Soma pia masharti ya uraia katika kila tangazo, kwa kuwa maabara zinazohusika na silaha huweka masharti ambayo sisi hatuyatimizi, na ni heri kulijua hilo kabla ya kumsumbua mdhamini kwa barua.

Jambo la viza ulitazame mapema vilevile. Anayeingia Marekani kwa viza ya J-1 kama mtafiti anaweza kukaa hadi miaka 5, lakini baadhi hufungwa na sharti la kurudi nyumbani kwa miaka 2 kabla ya kuruhusiwa kupata viza ya kazi ya H-1B au ukaazi wa kudumu, hasa kama fedha zilitoka serikalini. Uingereza nako, mtafiti mwenye pasi ya Tanzania au Kenya katika fani nyingi za uhandisi hutakiwa kupata kwanza cheti cha ATAS, yaani kibali cha usalama kwa fani nyeti. Ni bure, lakini huchukua wiki kadhaa, na pasipo hicho ombi la viza haliendi mbele. Nimeona mtu akisogeza tarehe ya kuanza kazi mara mbili kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Usaili wenyewe kwa kawaida ni wa video: unawasilisha kwa dakika 20 au 30, kisha wanauliza. Jitayarishe kwa swali ambalo kila mtu wa fani yetu huulizwa, nalo ni unajuaje kwamba matokeo yako hayabadiliki ukiongeza seli za gridi, yaani vile vipande vidogo ambavyo mto umegawanywa ndani ya hesabu. Uwe na mchoro mmoja wenye gridi tatu, na useme tofauti ilikuwa kiasi gani. Nilipoulizwa mimi nilikuwa na gridi mbili tu, na mzee mmoja kwenye jopo akanieleza kwa utaratibu kwamba nukta mbili haziwezi kuonyesha kwamba mstari unatulia. Walinichukua, lakini sijalisahau.

Duma_wa_Rosebank (Cape Town) alijibu:

Kwa kifupi tu, kwa sababu wenzangu wameshasema mengi. Msiisahau Afrika yenyewe. Kituo cha kompyuta kuu cha Afrika Kusini, CHPC, kiko hapa Cape Town, na mashine yake ya Lengau, jina ambalo kwa Kitswana maana yake ni duma, ilizinduliwa mwaka 2016 ikiwa na uwezo wa petaflopu moja, yaani hesabu milioni bilioni moja kwa sekunde. Vyuo vya huku huajiri watafiti wa baada ya uzamivu muda wote wa mwaka kwa fedha za miradi na za NRF, shirika la taifa la utafiti. Jueni tu kwamba kwa kawaida mtafiti huyo huhesabiwa kama mpokeaji wa ufadhili na si mwajiriwa: malipo mara nyingi hayakatwi kodi, lakini pia hakuna pensheni, na bima ya afya ni juu yako.

Kigali kuna tawi la Afrika Mashariki la ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, lililofunguliwa mwaka 2018 ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Makao makuu ya ICTP yako Trieste, Italia, ambako Abdus Salam aliianzisha mwaka 1964 kwa ajili ya watafiti wa nchi zetu hasa. Warsha zao za ukokotoaji mara nyingi hulipia nauli na malazi ya washiriki kutoka nchi zinazoendelea. Wiki mbili pale zilinipa watu wa kuwaandikia ambao walikuwa wanaujua uso wangu, na mmoja wao ndiye aliyenielekeza huku.

MsimbaziJuu aliandika:

Nawashukuru sana, kaka Fundi, dada Mkokotoaji na kaka Duma. Usiku wa jana nimezisoma upya barua zangu zote, na ni kweli, naweza kubadilisha jina la profesa katika yoyote kati ya hizo 46 na isionekane tofauti.

Nimebaki na mambo mawili. La kwanza ni mwajiri. Chuo kilinipa ruhusa ya masomo kwa mkataba, na mkataba unanitaka nitumikie muda uleule niliosoma kabla ya kuondoka. Wazee wa idara wamegawanyika: wapo wanaosema utafiti wa baada ya uzamivu ni mafunzo na naweza kuruhusiwa, na wapo wanaosema ni ajira nyingine. La pili ni familia. Nina mke na watoto wawili, mdogo ana miezi saba.

Bi_Mkokotoaji alijibu:

Kuhusu mkataba, usitegemee kauli za korido. Usome mwenyewe neno kwa neno, kisha umwandikie makamu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma, kupitia kwa mkuu wa idara na mkuu wa ndaki, ukiomba kauli ya maandishi kabla hujapata nafasi, si baada. Katika barua hiyo waeleze utakachokirudisha: kozi ya uchakataji sambamba ambayo idara haina, akaunti kwenye kompyuta kuu, wanafunzi wa uzamili utakaowasimamia ukiwa mbali. Jambo ambalo watu hawalifikirii ni kupendekeza muda uliogawanyika, yaani miezi 12 nje, muhula mmoja nyumbani, kisha miezi 12 tena. Si kila mfadhili huruhusu, lakini kuuliza hakugharimu. Mwenzangu mmoja aliondoka bila barua akidhani mambo yatajirekebisha, na alidaiwa fedha ambazo alizilipa kwa miaka mitatu.

Fundi_wa_Milinganyo alijibu:

Kuhusu familia nitasema ninachokijua cha Ujerumani. Nafasi ya mradi chuoni ni ajira kamili, kwa kawaida daraja la E13 la watumishi wa umma wa majimbo, na jedwali la mishahara liko wazi mtandaoni. Ndani ya daraja kuna ngazi zinazopanda kwa uzoefu, na ngazi hupangwa wakati wa kuajiriwa. Kabla ya kutia sahihi, andika kuomba miaka yako ya utafiti na ualimu ihesabiwe, na uambatanishe barua za mwajiri zenye tarehe za kuanza na kumaliza. Mimi sikuomba, nikaanzia chini, na kosa hilo limenigharimu kila mwezi tangu siku ile. Mwajiriwa akiwa katika bima ya afya ya umma, mwenza asiye na kipato na watoto huingia humohumo bila mchango wa ziada. Mpokeaji wa ufadhili, kama wa Humboldt, si mwajiriwa, hivyo bima huitafuta mwenyewe, ingawa wakfu wenyewe hutoa posho za kusaidia familia. Kwa mtu mwenye mtoto wa miezi saba tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya kiasi cha malipo. Piga hesabu ya kodi ya nyumba ya watu wanne kabla ya kuchagua mji, na uulize ofisi ya wageni ya chuo kuhusu nyumba mara tu upatapo barua ya ajira, kwa sababu foleni ni ndefu.

MsimbaziJuu aliandika, wiki tatu baadaye:

Naleta marejesho. Barua kwa makamu mkuu wa chuo imekwenda kupitia kwa mkuu wa idara. Badala ya maprofesa 46 nimechagua 7, wanne kati yao kwa sababu makala zao zimo katika marejeo ya tasnifu yangu na nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba wanaandikika. Watatu wamejibu. Mmoja ameomba nimwonyeshe wazo la kurasa mbili kwa ajili ya Septemba, na tumepangiana kuzungumza kwa video Jumatano. Mwingine amesema hatakuwa mwenyeji mwaka huu kwa kuwa ameshakubali waombaji wawili, lakini amenielekeza kwa mwenzake wa Trondheim anayefanya mashapo ya mabwawa ya umeme. Wa tatu ameuliza kama data zangu za Msimbazi zinaweza kuchapishwa.

Msimbo nao nimeuweka GitHub usiku wa juzi, pamoja na mfano mdogo wa kipande cha mto chenye urefu wa mita 400 kabla ya maji kufika daraja la Jangwani. Kwenye kompyuta yangu unakamilika kwa dakika 14. Naomba mwenye nafasi aujaribu kabla ya Jumatano.

Fundi_wa_Milinganyo alijibu:

Nimeupakua asubuhi hii. Kwanza haukukusanyika kabisa, yaani kompyuta haikuweza kuugeuza kuwa programu ya kuendesha, ukalalamikia faili moja la kichwa ambalo mimi sina. Nikagundua kwamba hukuandika ni OpenFOAM ipi: kuna matawi mawili makuu, la wakfu na la kampuni ya ESI, na yameachana kiasi kwamba msimbo wa tawi moja mara nyingi haukubaliki kwenye jingine. Nilipohamia tawi la ESI ulikusanyika na mfano ukaenda hadi mwisho, ila kitanda cha mto kinashuka ghafla kwenye seli za mpakani upande wa kulia, kama sentimita 30 hivi. Nadhani sharti lako la mpaka, yaani kanuni ya kinachoingia na kutoka ukingoni mwa mfano, halipokei mashapo yanayoingia. Tazama faili la chembe ndogo, mstari wa 41.

MsimbaziJuu alijibu:

Ni kweli kabisa, kaka. Nilikuwa nimeweka sifuri pale kwa ajili ya jaribio la mwaka juzi na nikasahau kuirudisha. Nimesahihisha, sasa kitanda kinashuka kwa milimita 4 tu. Tawi ni la ESI, toleo la v2306, na nimeliandika kwenye mstari wa kwanza wa maelezo. Sasa naendesha gridi ya tatu ile aliyoisema dada Mkokotoaji. Ikiwa umeme utakaa, itamalizika Jumanne jioni.